Sura ya Tano: Safari ya Kichupa cha Damu

Mwishoni mwa Septemba 1976, abiria mmoja kutoka Kinshasa alisafiri kwa ndege ya kawaida akiwa na chupa ya chai ya rangi ya bluu, aina ile ile inayokaa mezani kwa mama ntilie ikisubiri wateja wa asubuhi. Ndani hamkuwa na chai. Mlikuwa na barafu iliyokwisha kuyeyuka nusu, vichupa viwili vya damu na kikaratasi kilicholowa. Kichupa kimoja kilikuwa kimepasuka njiani, damu yake imechanganyika na maji ya barafu. Chupa hiyo ilifikishwa kwenye Taasisi ya Tiba ya Kitropiki mjini Antwerp, Ubelgiji, na kijana wa miaka 27, Peter Piot, akaifungua pamoja na wenzake wakiwa wamevaa glavu tu.

Damu ilikuwa ya mtawa wa Kibelgiji aliyeugulia Yambuku, kijiji chenye hospitali ya misheni kaskazini mwa nchi iliyoitwa Zaire, leo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Safari yake haikuishia Antwerp. Ilipelekwa Uingereza, kisha Atlanta, Marekani, na huko ndiko ilikothibitishwa kwamba kirusi kilichokuwamo hakijawahi kuonekana. Kilipewa jina la mto wa upande ule wa Yambuku: Ebola. Wagonjwa wa kwanza walikuwa wamepokelewa hospitalini tangu mwishoni mwa Agosti; jibu la maabara lilipatikana Oktoba. Hadi mlipuko unakwisha, watu 318 walikuwa wameugua na 280 kati yao wamekufa.

Mtu aliyemchukua mtawa yule kutoka Yambuku hadi Kinshasa alikuwa Mkongo, Dk. Jean-Jacques Muyembe, ambaye hakuwa na muda mrefu tangu arudi kutoka Leuven na shahada yake ya uzamivu. Alipofika Yambuku aliwatoa wagonjwa damu kwa mikono mitupu, kwa sababu glavu hazikuwapo. Alishangaa kuona kwamba kila alipochomoa sindano, tundu dogo la ngozi liliendelea kuvuja damu bila kuganda, ikamchuruzikia vidoleni. Alinawa kwa maji na sabuni. Hadi leo husimulia kwamba sabuni ile huenda ndiyo iliyomwokoa.

Daktari huyo alikuwa na elimu, alikuwa na ujasiri, na alikuwa na mgonjwa mbele yake. Alichokosa ni mahali pa kuipeleka damu. Ukitaka kujua nchi imepiga hatua gani katika kujikinga na maradhi ya kuambukiza, hesabu ya madaktari wake au ghorofa za wizara yake haitakusaidia sana. Ifuate damu ya mgonjwa. Inatoka wapi, inabebwa na nani, inapita njia gani, na nani anasoma jibu?

Entebbe, ilikofika damu ya Wamakonde

Miaka ishirini na minne kabla ya Yambuku, damu nyingine ilisafiri kutoka kusini mwa Tanganyika. Mwaka 1952, homa ya ajabu ililipuka kwenye uwanda wa juu wa Makonde, upande wa Newala. Haikuua wengi, lakini iliwakunja watu kwa maumivu ya viungo hata wakashindwa kusimama wima. Wenyeji waliipa jina kwa Kimakonde, neno linaloeleza hali hiyo ya kukunjamana: chikungunya. Leo neno hilo la Newala linatamkwa na madaktari wa Brazili, India na Ufaransa, wengi wao bila kujua limetoka wapi.

Damu ya wagonjwa wale haikwenda Ulaya. Ilikwenda Entebbe, Uganda, na huko ndiko kirusi chake kilikotambuliwa. Mfuko wa Rockefeller wa Marekani ulikuwa umejenga maabara pale mwaka 1936 kwa ajili ya kuchunguza homa ya manjano, na wataalamu wake walikuwa wakifukua virusi kimoja baada ya kingine. Mwaka 1937 waligundua kirusi cha West Nile katika damu ya mwanamke mmoja wa wilaya ya jina hilo, Uganda. Mwaka 1947 walikipata kirusi cha Zika katika damu ya kima aliyewekwa ndani ya kizimba juu ya miti, kwenye msitu wa Zika, karibu na barabara ya Kampala.

Afrika Mashariki basi ilikuwa na maabara ya kuheshimika duniani tangu enzi za mkoloni. Lakini nyumba ilikuwa imejengwa, warithi hawakuandaliwa. Wanasayansi wakuu walikuwa wageni, na maswali yao mengi yalitoka kwa wageni. Baada ya uhuru taasisi ikawa mali ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, Uganda ikabaki nayo peke yake, katikati ya utawala wa Idi Amin. Vita na ukata vilifanya mengine.

Matokeo yake yalionekana Oktoba 2000, Ebola ilipozuka Gulu. Dk. Matthew Lukwiya, mganga wa Hospitali ya Lacor, alishtuka mapema alipoona wanafunzi wake wa uuguzi wakifa mmoja baada ya mwingine, akapiga kelele hadi Kampala ikasikia. Damu ikachukuliwa. Jibu, hata hivyo, lilitoka Afrika Kusini. Ile Entebbe iliyoitambua chikungunya ya Newala ilikuwa imebaki kituo cha njiani tu. Watu 425 waliugua, 224 wakafa, Dk. Lukwiya mwenyewe akiwa mmojawapo.

Kilichofuata ndicho kinachofaa kusomwa taratibu. Mwaka 2010 taasisi hiyo ya Entebbe, sasa Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda, UVRI, ilifungua maabara maalumu ya homa za virusi zinazosababisha kutoka damu, kwa msaada wa Marekani lakini na mafundi wa Uganda. Mwaka mmoja baadaye, Mei 2011, msichana wa miaka 12 kutoka Luwero alifariki hospitalini. Damu yake ilipelekwa Entebbe na ikaonekana ni Ebola. Waliokuwa naye karibu wakafuatiliwa. Hakuna mwingine aliyeugua. Mlipuko wa mtu mmoja haupati nafasi katika kurasa za mbele za magazeti ya dunia, na ndiyo maana wengi hawajausikia.

Kuna na jambo la pikipiki. Uganda ilikuwa na tatizo la kuwapima virusi vya Ukimwi watoto wachanga: tone la damu kwenye karatasi lilikaa wiki kadhaa zahanati likisubiri gari. Kwa hiyo nchi ikagawanywa katika vituo vya kukusanyia sampuli, kila kituo na pikipiki yake. Dereva anazunguka zahanati za eneo lake kwa ratiba ya wiki, anakusanya vichupa na karatasi, anavirudisha kituoni, kisha mzigo unaelekea maabara kuu ya taifa Butabika, Kampala. Mtandao uliotengenezwa kwa ajili ya Ukimwi ukawa barabara ya kila kitu: kifua kikuu, surua, homa ya manjano, Ebola.

Septemba 2022, mwanaume wa miaka 24 wa Mubende alilazwa akiwa na homa kali na kutoka damu. Sampuli yake ilipelekwa Entebbe. Tarehe 19 jibu likatoka, tarehe 20 serikali ikatangaza Ebola ya aina ya Sudan, ambayo haikuwa na chanjo iliyoidhinishwa. Uchunguzi ulionyesha kwamba ugonjwa ulikuwa umeshazunguka vijijini kabla yake, na watu wamezikwa bila kupimwa. Walioambukizwa, pamoja na wale wa kudhaniwa, walifika 164, na 77 walikufa. Januari 2023 mlipuko ulitangazwa kumalizika. Maabara ilifanya kazi yake ndani ya siku chache. Kilichochelewa ni mtu wa kushuku.

Kilomita ya kwanza

Mashine haiwezi kupima damu ambayo haijatolewa, na damu haitolewi mpaka mtu fulani, mahali fulani, aseme: hii siyo malaria. Huyo mara nyingi ni muuguzi wa zamu mwenye foleni ya wagonjwa thelathini, wote na homa. Au ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii aliyesikia kwamba kwenye ukoo mmoja kumefanyika misiba mitatu ndani ya siku kumi.

Nchi za Afrika ziliafikiana juu ya jambo hili mwaka 1998 mjini Harare, zilipokubali mfumo wa pamoja wa ufuatiliaji wa magonjwa kupitia ofisi ya kanda ya Shirika la Afya Duniani. Kabla ya hapo kila ugonjwa ulikuwa na mradi wake, fomu zake na gari lake. Mhudumu mmoja wa zahanati alijaza karatasi za polio, za surua, za kipindupindu na za malaria, kila moja ikielekea kwa bosi tofauti. Mfumo mpya ulisema kuwe na orodha moja, fomu moja, njia moja kutoka kijijini hadi taifani. Leo sehemu kubwa ya taarifa hizo inatumwa kwa simu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, walitengeneza programu ya simu iitwayo AfyaData, inayomwezesha mwanakijiji aliyepewa mafunzo kuripoti dalili za watu na za mifugo pamoja, kwa kuwa maradhi mengi mapya huanzia kwa wanyama.

Tofauti kati ya kushuku na kutoshuku ilipimwa hadharani Afrika Magharibi. Desemba 2013, mtoto mdogo wa kijiji cha Meliandou, Guinea, alifariki. Ebola ilitembea kwa miezi mitatu ikidhaniwa ni kipindupindu au homa nyingine, hadi Machi 2014 damu ilipopimwa Lyon, Ufaransa. Kufikia mwaka 2016 zaidi ya watu 11,000 walikuwa wamekufa. Katikati ya janga hilo, Julai 20, 2014, msafiri kutoka Liberia alianguka uwanja wa ndege wa Lagos. Daktari wake, Stella Ameyo Adadevoh, aliikataa malaria kuwa jibu, akakataa pia shinikizo la kumruhusu mgonjwa aondoke. Maabara ya hospitali ya chuo kikuu ya Lagos ikatoa jibu ndani ya siku chache. Serikali ikawahamisha watu waliozoea kufuatilia polio nyumba kwa nyumba, ikawapa kazi ya kuwafuatilia waliomgusa msafiri yule. Jiji lile lina mamilioni ya watu, lakini Nigeria nzima wagonjwa waliishia 20 na vifo 8. Dk. Adadevoh alikuwa mmoja wa hao wanane.

Tanzania ilipata mtihani wake Machi 2023. Taarifa zilitoka kata za Maruku na Kanyangereko, Bukoba Vijijini: watu saba wameugua homa, kutapika na kutokwa damu, watano wamekufa. Tarehe 16 Wizara ya Afya ilitangaza kuwa kuna ugonjwa usiojulikana. Sampuli zikasafirishwa hadi Maabara ya Taifa ya Afya ya Jamii, Dar es Salaam, umbali wa zaidi ya kilomita 1,300 kutoka Bukoba. Tarehe 21 Waziri Ummy Mwalimu akalitaja jina: Marburg, ndugu wa Ebola, kwa mara ya kwanza nchini. Jumla waliugua tisa, wakafa sita, akiwemo mhudumu wa afya.

Marburg ilirudi mkoa huo huo wa Kagera, safari hii Biharamulo, na tarehe 20 Januari 2025 Rais Samia Suluhu Hassan akatangaza mjini Dodoma kwamba mgonjwa mmoja amethibitika. Kipimo cha awali hakikusubiri Dar es Salaam. Kilifanyika kwenye maabara inayohamishika ya Kabaile, ndani ya mkoa ule ule, kisha Dar es Salaam ikathibitisha. Damu ilikuwa imekatiwa safari kwa zaidi ya kilomita elfu. Pamoja na hayo, wote kumi waliohesabiwa katika mlipuko huo walikufa, na wanane kati yao walihesabiwa kwa kudhaniwa tu. Maabara ilisogea karibu. Mgonjwa alibaki mbali.

Dawa iliyoanzia Kikwit

Kujua jina la ugonjwa ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni utafiti wa tiba, na hapo Muyembe anarudi.

Mwaka 1995 Ebola ilizuka Kikwit, kusini-magharibi mwa Kongo. Wagonjwa walikuwa wakifa wanane katika kila kumi. Muyembe na wenzake waliwaza kitu rahisi: aliyepona ana kinga katika damu yake, je, tukimwongezea mgonjwa damu hiyo? Waliwapa wagonjwa wanane. Saba walipona. Wataalamu wengi wa nje hawakushawishika, kwa sababu hapakuwa na kundi la kulinganisha. Kisayansi walikuwa na hoja, ingawa waliotoa hoja hawakuwa wodini.

Wazo halikufa. Mwaka 2006, aliyepona Kikwit alitolewa damu tena, na kutoka humo watafiti wa Marekani walichuja kingamwili moja iliyoitwa mAb114. Ebola ilipozuka Kivu Kaskazini na Ituri mwaka 2018, kingamwili hiyo na dawa nyingine tatu zilijaribiwa kwa wagonjwa 681 wa Beni, Butembo, Katwa na Mangina, chini ya uongozi wa pamoja wa taasisi ya Muyembe, INRB, na wenzao wa Marekani.

Jaribio hilo lilifanyika vitani. Wauguzi waliwaeleza ndugu wa wagonjwa kwa Kiswahili na Kinande dawa ni nini, kwa nini zinachaguliwa kwa bahati nasibu, na kwa nini mgonjwa ana haki ya kukataa. Nje kulikuwa na milio ya risasi, na mitaani wapo walioamini kwamba Ebola ni biashara ya wakubwa. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa moto. Kazi iliendelea, na Agosti mwaka huo jaribio likasitishwa kabla ya muda kwa sababu njema: dawa mbili zilikuwa zimeshinda. Kwa waliopewa mAb114 vifo vilikuwa kama asilimia 35, wakati kwa waliopewa dawa iliyotumika zamani, ZMapp, vilikaribia nusu.

Dawa hiyo sasa inaitwa Ebanga, na mamlaka ya dawa ya Marekani iliiidhinisha Desemba 2020. Chimbuko lake ni damu ya Mkongo, majaribio yake yamefanyika Kongo, na wazo la kwanza ni la Mkongo. Haki ya kuitengeneza ilipewa kampuni ya Kimarekani. Anayetaka kuelewa kwa nini wanasayansi wa Afrika siku hizi hudai mikataba ya sampuli iandikwe kabla kichupa hakijafungwa, aanzie hapo.

Manufaa ya kuwa na wasomaji wa damu nyumbani yalijitokeza tena Kamituga, mji wa wachimba dhahabu wa Kivu Kusini ambako biashara na matusi vyote huendeshwa kwa Kiswahili. Mwishoni mwa 2023 wagonjwa wa mpox walianza kujaa hospitalini. INRB ilisoma jenomu za virusi kutoka huko na kukuta tawi jipya, leo likiitwa Ib. Kipande cha jeni kilikuwa kimedondoka, kipande kile kile ambacho kipimo cha kutambua tawi la kwanza la mpox kilikuwa kikikitafuta. Kwa hiyo kipimo kilikipita kirusi bila kukiona. Bila mtu wa kusoma jenomu ndani ya nchi, mabadiliko hayo yangegunduliwa wakati virusi vimeshavuka mipaka. Agosti 2024 mpox ilitangazwa dharura ya bara na ya dunia, siku moja baada ya nyingine.

Bei ya kusema kweli

Anayegundua anatakiwa kusema, na kusema kuna bei. Novemba 2021 wanasayansi wa Botswana na Afrika Kusini, Sikhulile Moyo na Tulio de Oliveira wakiwa miongoni mwao, walitangaza aina mpya ya korona iliyoitwa baadaye Omicron. Walisema ndani ya siku chache, data zote zikiwa wazi. Malipo yake? Nchi tajiri zilifunga milango kwa ndege za kusini mwa Afrika, wakati kirusi chenyewe kilikuwa tayari Ulaya. Waziri wa utalii au wa fedha anayeona hayo hahitaji kufundishwa kwa nini wenzake wa afya wanaweza kusita kutangaza mlipuko unaofuata.

Bei nyingine ni ya fedha za nyumbani. Aprili 2001 wakuu wa nchi za Afrika waliahidi mjini Abuja kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Nchi chache mno zimewahi kufika hapo. Pengo limezibwa na wafadhili. Januari 2025 Marekani ilipositisha misaada yake ya nje, maabara na miradi mingi barani iligundua ndani ya wiki moja ni mishahara ya nani iliyokuwa ikilipwa na nani. Mashine ya kupima inaweza kuachwa na mfadhili bila kuondolewa. Vitendanishi vyake huisha, fundi wake hutafuta kazi kwingine, na baada ya miezi michache mashine inafunikwa kitambaa.

Mwezi Agosti mwaka huo huo, tarehe 20, mama mjamzito alilazwa katika hospitali ya Bulape, mkoa wa Kasai, Kongo. Alikuwa na homa kali, akitapika na kuhara damu. Tarehe 25 alifariki, na baadaye wahudumu wa afya waliomhudumia nao wakaugua. Sampuli zilifika Kinshasa Septemba 3, na siku hiyo hiyo INRB ikathibitisha Ebola. Kesho yake serikali ikatangaza. Wanasayansi wa Kongo walisoma jenomu ya kirusi hicho na kukuta kwamba ndugu yake wa karibu kuliko wote alikuwa kirusi cha Yambuku cha mwaka 1976, kile kilichosafiri ndani ya chupa ya chai.

Damu hii haikupanda ndege ya Ulaya. Hadi mlipuko unatangazwa kwisha Desemba 1, watu 64 waliugua na 45 wakafa, katika nchi ambayo ina chanjo, ina dawa, na ina maabara. Kati ya siku mama yule alipolazwa na siku jibu lilipotoka zilipita siku 14. Moja kati ya hizo ilitumika maabara. Kumi na tatu zilipotea kati ya kitanda cha Bulape na Kinshasa.